Mtungi Ulionukia Sabuni

Mtungi ulirudi ukinukia sabuni.

Bibi aliinama juu ya mdomo wake, akavuta pumzi, akainuka, akainama tena, kama mtu aliyepiga hodi na hataki kuamini kwamba wenyeji wamehama. Hakusikia chumvi. Hakusikia samaki. Kulikuwa na harufu ya maua tu, yale maua ya kwenye chupa ya sabuni ambayo hayajawahi kuota popote.

"Umeona unavyong'aa?" alisema dada wa usafi, akijifuta mikono kwenye aproni. Walikuwa wamesimama kwenye korido ya maabara, mtungi ukiwa kwenye meza ya magurudumu katikati yao. "Nimeusugua mwenyewe, Bibi. Nje na ndani. Nikaumwagia maji ya moto, nikarudia tena. Ulikuwa na harufu huo! Sasa hata maziwa unaweza kuweka."

Bibi alimtazama vidole. Vilikuwa vimekunjamana kwa kukaa kwenye maji. Binti yule alikuwa amefanya kazi ya watu wawili, na hakuna aliyemwambia aifanye vizuri hivyo.

"Asante, mwanangu," Bibi alisema. "Na yale yaliyokuwa ndani?"

"Yamemwagwa, Bibi. Si yalikuwa yameoza?"

Bibi alishika ukingo wa meza. Dada wa usafi, bila kuuliza, akamsogezea kiti.

Maji yenyewe hayakuwa na sura. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, mazito kidogo, yenye chumvi ya kukunja uso. Lakini yalikuwa na kazi yake. Kila Bibi alipoanza samaki wapya, aliwapanga mtungini tabaka kwa tabaka pamoja na chumvi, kisha akateka upawa mmoja wa maji ya zamani akawamiminia, ndipo wachachuke na kuiva inavyotakiwa. Alishawahi kujaribu bila maji yale, enzi za ujana na ujuaji, na mumewe akala mkate mkavu juma zima. Upawa wa kwanza alipewa na mama mkwe wake alipokuwa bado bi harusi, naye mama mkwe alipewa na mama yake, na huko nyuma zaidi hakuna ajuaye. Samaki waliliwa wakaisha, mitungi ilipasuka ikanunuliwa mingine, lakini maji yalibaki yale yale, yakitoka mkono hadi mkono bila kukatika.

Mjukuu wake ndiye aliyeuomba mtungi. Alikuwa mtu wa kompyuta, tena kompyuta ya mambo ya chakula, kazi ambayo majirani walipenda kumuuliza Bibi ili wamcheke, na Bibi akawaeleza mpaka kicheko kikawaishia. Kwa sababu mjukuu alikuwa amemweleza. Alikaa naye sakafuni jikoni, akavua shanga zake shingoni akazinyoosha mkekani.

"Nyama ya samaki ni uzi mrefu wa shanga kama huu, Bibi. Ikikaa kwenye maji yako, uzi unakatwakatwa vipande vifupi. Baadhi ya vipande hivyo ndivyo vinavyoleta ile ladha."

"Ladha gani?"

"Ile inayokufanya ulambe kijiko na chakula kimeshakwisha."

"Basi vionjeni mseme ni kipi."

"Viko maelfu, ulimi utachakaa. Ndiyo maana naifundisha kompyuta. Naionyesha vipande ambavyo watu walishavionja wakavisifu, naionyesha na vile visivyo na kitu, inajifunza tofauti. Kisha naipa vya kwako, inanichagulia. Halafu naangalia kwenye skrini: kipande hiki kinaingia kwenye ulimi kama kifungo kwenye tundu lake, au kinaning'inia tu? Vile vinavyoingia ndivyo tunavyovitengeneza na kuvionja kweli."

"Babu yako alikuwa akilamba kijiko bila kompyuta, mke mwenzangu," Bibi alisema, na wote wawili wakacheka mpaka paka akaondoka.

Ila kazi ile ilitaka samaki wachotwe kidogo kila wiki, ionekane uzi unavyokatika kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo ilibidi mtungi ukae maabara.

"Nenda nao," Bibi alisema. "Samaki mle hata wote, sitasema kitu. Lakini maji yangu yarudi."

"Yatarudi, Bibi."

Na sasa mtungi ulikuwa mbele yake, msafi kama sahani ya mgonjwa, na mjukuu mwenyewe alikuwa safarini, amekwenda kuwaeleza wataalamu wenzake kile kompyuta ilichokipata.

Mkuu wa maabara alimpokea Bibi kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Alimgeuzia feni, akamfutia kiti kwa leso yake mwenyewe, na Bibi, hata akiwa amevimba vile, aliliona hilo na akaliweka moyoni.

"Karibu sana, Bibi. Mjukuu wako ametutoa kimasomaso. Tumekuita tukushukuru."

"Maji yangu yako wapi?"

"Chombo chako si umekabidhiwa?"

"Nimekabidhiwa chombo. Nauliza maji."

Mkuu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemtafutia mtoto maneno mepesi. "Ni utaratibu wetu, Bibi. Sampuli ikishapimwa, majibu yakishaingia kwenye kompyuta, huondolewa. Halafu wiki hii tulikuwa na wageni, na ile harufu, utanisamehe, ilikuwa inawafikia getini. Lakini usiwe na wasiwasi hata kidogo. Hatujapoteza kitu. Kila kitu kipo humu." Akaipigapiga kompyuta yake mgongoni, kama mtu anayempigapiga mtoto mnene aliyeshiba.

Akamgeuzia skrini. Vijiuzi vya rangi vilikuwa vinajizungusha polepole, chekundu, cha kijani, cha manjano. Kimoja kikaenda kikajikunja ndani ya shimo, kikatulia.

"Hicho kinatoka kwa samaki wako. Hakuna aliyekuwa anakijua. Na tumekitengeneza, Bibi, hicho na wenzake. Onja."

Alimpa kikombe kidogo cha plastiki chenye maji meupe kabisa. Bibi aliomba moyoni kiwe kibaya. Kingekuwa kibaya angekitema, akaondoka ameshinda. Akaonja.

Kilikuwa kitamu. Ulimi wake wenyewe ulimsaliti, ukatoka ukalamba mdomo wa juu, na mkuu wa maabara akaona, akacheka kwa furaha. Haikuwa dharau. Ilikuwa furaha ya kweli, ya mtu aliyemletea mwenzake zawadi akaona imependwa, na hiyo ndiyo iliyomchemsha Bibi damu.

"Ni tamu," alisema.

"Umeona!"

"Sasa izae."

"Samahani, Bibi?"

"Kesho nikinunua samaki wabichi, nikawapanga na chumvi, nikawamiminia haya maji yako meupe. Watachachuka?"

Mkuu wa maabara alivua miwani. Hakuwa mwongo, na hilo nalo Bibi aliliona. "Hapana," alisema. "Hii ni safi. Hakuna kilicho hai ndani yake."

"Na wale waliokuwa wanazikata shanga? Maana hazikujikata zenyewe. Hao mnao humo kwenye kompyuta?"

"Hao ni bakteria. Hao... hatukuwapima. Mradi ulikuwa wa ladha tu."

"Kwa hiyo mtu mmemrekodi sauti, mkaipenda sauti, mwenyewe mkammwaga kwenye sinki."

"Bibi, tutakununulia mwingine. Mtungi mkubwa zaidi ya huu."

Hapo ndipo Bibi aliposimama. Alikuwa mfupi, na akiwa amesimama alilingana na mkuu wa maabara aliyekaa, kwa hiyo walitazamana macho kwa macho.

"Mtungi!" alisema. "Nimekuja hapa nimevaa nguo ya sherehe kwa sababu mlisema mnanishukuru. Umenipa kiti, umenipa feni, umenionyesha rangi. Umeniambia utaratibu. Umeniambia harufu yangu iliwaaibisha kwa wageni, wageni waliokuja kuona kilichotoka kwenye harufu hiyo hiyo! Na katika maneno yote hayo, baba, 'pole' haimo. Hata moja. Unipe mtungi mkubwa niweke nini? Niweke maneno yako matupu?"

Bibi akaondoka kabla mkuu wa maabara hajafungua mdomo, akauchukua mtungi wake kwenye meza ya korido.

Dada wa usafi alimkuta kwenye ngazi, akamtwalia mtungi mikononi. Alikuwa amesikia yote, maana mlango haukuwa umefungwa. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akauzungushia mtungi usije ukagongwa njiani.

"Bibi, mimi ndiye niliyemwaga."

"Mtungi ulikuwa umebandikwa karatasi imeandikwaje?"

"Sampuli. Chenye karatasi hiyo tukiambiwa tuondoe, tunaondoa."

"Basi wewe umefanya ulichotumwa, mwanangu, tena kwa moyo. Usilie. Nikikuona unalia nami nitalia, na mimi sasa hivi sitaki kulia, nataka kukasirika."

Mjukuu alirudi kesho yake, begi likiburuzwa kwenye vijiwe vya uani, uso umejaa habari. Wataalamu walikuwa wamempigia makofi. Akauona mtungi kwenye dirisha la jikoni, ukikauka maji. Akausogelea. Akanusa. Begi likaanguka lenyewe.

Bibi alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, makali kwanza, makali zaidi baadaye. Lakini mjukuu alivua viatu, akakaa sakafuni, hakujitetea.

"Karatasi nilibandika mimi," alisema. "Pale kitu kisicho na karatasi hakiruhusiwi kukaa, na ile ya sampuli ndiyo pekee iliyopo. Nikajiambia nikirudi nitaubeba kabla hawajafanya usafi. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ni wa kuazima. Nipige, Bibi."

"Nikupige nipate nini? Nguvu zote nimezimalizia kwa mkuu wako." Bibi aliketi kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ulisema yatarudi, mke mwenzangu. Mimi nikifa leo, nitamwambia nini mama mkwe? Aliniambia neno moja tu siku aliyonipa: yasikatike kwako."

Mjukuu alifuta pua kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto. "Kompyuta inajua vipande vyote, lakini haiwezi kurudisha waliovikata. Hilo siwezi kukudanganya. Hakuna mtu mwingine mwenye maji haya?"

Bibi akaanza kutafuta kifuniko cha sufuria kilichokuwa mbele yake.

"Bibi?"

"Yupo."

"Nani?"

"Afadhali ningekuwa simjui."

Alikuwa wifi yake. Binti wa mama mkwe, dada wa marehemu babu, naye alitekewa upawa wake kutoka mtungi ule ule siku alipoolewa. Wifi na Bibi walikuwa hawasemezani. Kulikuwa na harusi moja, na kwenye harusi hiyo Wifi alisema mbele ya wapishi wote kwamba wifi yake hachachushi, anabahatisha. Bibi akajibu kwamba samaki wa Wifi wananuka kiatu cha askari. Mdomo ukajibiwa na mdomo, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa kutuma watu: "Mwambie yule namsalimu." "Mwambie yule nimesikia."

Usiku Bibi alijigeuza kitandani hakupata upande. Asubuhi akafunga mtungi kwenye kitambaa cha dada wa usafi, akamwambia mjukuu, "Tangulia wewe. Akinifungia mlango, angalau aufunge usoni kwako."

Wifi hakufunga mlango. Aliufungua wote, akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Leo jua limechomoza wapi? Au kuna msiba sijaambiwa?"

"Hujambo, wifi," Bibi alisema.

"Mimi sijambo. Ingieni, kaeni. Wewe usikae hapo, wifi, kuna viatu chini, visije vikakuletea harufu."

Mjukuu aliuma mdomo asicheke. Bibi alikaa.

"Nimekuja kuomba, wifi."

"Masikio yangu siku hizi si mazuri."

"Nimekuja kuomba!"

"Mjukuu wangu, umesikia na wewe? Nisije nikasema nimeota." Wifi alikaa akajiweka sawa kitini, akifurahia kila inchi ya kiti. "Haya. Mwenye samaki watamu kuliko watu wote anaomba nini kwa mwenye samaki wa kiatu?"

Bibi alifungua kitambaa, akausukuma mtungi mbele. Wifi aliuinamia kwa madaha, akiwa ameshaandaa kejeli yake, tena iliyoonekana kuwa nzuri. Akanusa. Kejeli ikafia kooni. Akaingiza mkono, akapapasa udongo ndani, akaulamba ule mkono.

"Nani ameuogesha mtungi huu?"

Mjukuu akasimulia: karatasi, wageni, sinki, maji ya moto, sabuni. Hakujiruka yeye mwenyewe. Wifi alisikiliza bila kupepesa.

"Maji ya mama yangu," alisema mwishowe, polepole. "Kwenye sinki."

"Yote," Bibi alisema.

"Na wakakuambiaje?"

"Wakaniambia wataninunulia mtungi mkubwa zaidi."

Wifi alisimama akaanza kutafuta viatu vyake.

"Wifi, unakwenda wapi? Mimi nilikuwa naomba kwanza upawa mmoja tu..."

"Upawa upo, unakukimbia? Mtungi wangu uko pale nyuma ya mlango tangu mama yuko hai, haujalala tupu hata siku moja. Nitakupa na chombo cha kuwekea, maana huo wako haufai tena. Udongo umeshakunywa sabuni, utaitoa mpaka kiama. Kwanza inuka. Inuka, wifi! Mtu anamwaga maji ya mama yangu halafu wewe unakuja kwangu na sauti ya kuomboleza? Na ule mdomo wako wa kwenye harusi uliuacha wapi? Siku hiyo ulinitukana mpaka mapazia yakatikisika. Leo ndiyo umekuwa bubu?"

"Nilimpasha," Bibi alisema, ameudhika. "Nilisimama nikampasha."

"Ulimpasha peke yako. Tukampashe wawili."

Basi walikwenda, wazee wawili na mtungi mmoja, mjukuu akiwafuata nyuma kama mtu anayewapeleka ng'ombe wakali sokoni. Mlinzi wa getini aliwauliza wana miadi na nani. Wifi akamwambia wana miadi na aliyemwaga mama yake, na mlinzi akaona si kazi yake kuuliza zaidi.

Mkuu wa maabara aliwaona wanaingia akasimama. Bibi aliuweka mtungi juu ya karatasi zake, katikati ya meza.

"Huyu ni wifi yangu," alisema. "Yale maji yalikuwa ya mama yake."

"Nataka kuliona hilo sinki," Wifi alisema.

Mkuu wa maabara hakuonyesha sinki. Alisimama akiutazama mtungi, na mara hii hakutafuta maneno mepesi. Labda naye alikuwa hajalala.

"Poleni," alisema. "Bibi, pole. Nilipaswa kukuambia juzi. Nilidhani tukishaijua ladha tumekijua kitu chote, na sikumuuliza mtu. Nimekosa mimi, si binti wa usafi, wala si mjukuu wako."

Mjukuu akasema, "Na mimi pia," na mkuu akatikisa kichwa, lakini hakubishana naye.

Bibi aliipima ile pole. Ilikuwa imechelewa, lakini ilikuwa nzima. Aliipokea kama mtu anavyopokea chenji yenye noti iliyochanika. Hakumsamehe. Alikuwa na hasira bado, akaona hana haja ya kuificha.

"Hiyo karatasi ya sampuli," alisema, "muwe na nyingine. Chenye mwenyewe kiandikwe kina mwenyewe, na chenye uhai kiandikwe ki hai."

"Itakuwepo leo hii." Mkuu alisita, akavaa miwani, akavua. "Wale bakteria... mjukuu wako alishaniambia mapema kwamba tulipaswa kuwatafuta, nikamwambia si kazi yetu. Sasa naona ni kazi yetu. Kama kuna mtungi mwingine popote, tungeomba uletwe, kwa uangalifu mkubwa..."

"Hautoki!" walisema Bibi na Wifi kwa sauti moja. Wakatazamana, wameshtuka. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu harusi ile.

Bibi akamgeukia mjukuu. "Hiyo kompyuta yako ina uzito gani?"

"Ni nyepesi, Bibi. Inabebeka."

"Basi ibebwe. Mtungi ulishatembea vya kutosha. Sasa kompyuta ndiyo itembee."

Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ilikwenda kwa Wifi, ikakaa juu ya stuli karibu na mlango, na mjukuu akawa anateka kwa upawa matone ya kutosha kichupa, si zaidi, Wifi akimsimamia mkono. Siku nyingine mkuu wa maabara alikuja pia. Alivua viatu bila kuambiwa. Alipewa kigoda kifupi kuliko vyote, magoti yakamfika kidevuni, na kila alipokabidhiwa kichupa alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante kwa mwenye mtungi kabla ya kusema neno lolote la kompyuta. Bibi alikuwa akiliona hilo. Hakumwambia kwamba analiona.

Mtungi mpya wa Bibi, ule mdogo aliopewa na Wifi, ulianza kutoa harufu. Majirani wakaanza kulalamika, naye akawasikiliza kama anasikiliza muziki. Wifi alipokuja kuonja alitafuna taratibu, akatazama dari, akasema, "Unabahatisha bado," akaongeza kipande kingine.

Jumapili moja, dada wa usafi alibisha hodi. Bibi alimrudishia kitambaa chake, kimefuliwa na kukunjwa. Binti alikipokea lakini hakuondoka. Alikuwa ameficha kitu nyuma ya mgongo, akakitoa kwa aibu: kichungu kidogo cha udongo, kikuukuu, kimemeguka ukingo.

"Bibi, nilikuwa naomba, kama haitakuwa vibaya..." Akakinyoosha mbele, mdomo juu, ili Bibi aweze kuona ndani. "Sikukiosha kwa sabuni. Nimekisuuza kwa maji ya chumvi tu."

Bibi alikuwa hajawahi kumtekea mtu asiye wa ukoo, wala mama mkwe wake kabla yake. Aliinama juu ya kile kichungu, akanusa. Kisha akaenda kuchukua upawa.